Saa Ishirini za Leicester

Kwenye migahawa ya Barabara ya Belgrave, mjini Leicester, orodha ya vyakula haikosi kitu kinachoitwa mogo. Ni muhogo wetu, umekatwa vipande, umekaangwa na kukolezwa pilipili na ndimu. Jina lilisafiri na watu waliotoka Kampala, Jinja, Kisumu na Mombasa, likafupishwa njiani, na leo linatamkwa na wajukuu ambao hawajawahi kukanyaga Afrika. Siku ya kwanza nilipoagiza sahani hiyo, mama mzee aliyeketi kwenye kaunta alinikazia macho, akaniuliza kwa Kiswahili: "Kijana, toka wapi wewe?" Nikampa shikamoo yake, nikamwambia Tanzania. "Mimi Jinja," akasema. "Tulikuja na masanduku mawili, watu saba." Soda hakunitoza.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Mwezi uliofuata halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko, kwa hoja kwamba nyumba, shule na huduma za mji zimekwisha zidiwa. Walikwenda vivyo hivyo, kwa maelfu, wakaungana na ndugu zao waliotangulia kutoka Kenya. Nusu karne baadaye mji umekuwa wao pia. Sensa ya 2021 ilihesabu wakazi wapatao 368,600, na asilimia 43.4 kati yao walijitambulisha kuwa na asili ya Asia, wengi kuliko Wazungu.

Nayatanguliza haya kwa sababu maneno yamegeuka. Siku hizi vyuo vya Uingereza, vya miji ya namna hii vikiwemo, ndivyo vinavyojitangaza Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na safari hii vinasema njooni. Vijana wetu wanakwenda. Wazazi wanauza viwanja, ukoo unachanga, kadi za harambee zinazunguka. Lakini wito wa "njooni" una masharti yake, na masharti hayo yameandikwa kwa tarakimu. Ndiyo maana naona ni haki kuyapitia moja baada ya jingine, maana wengi huyasoma wakiwa wamekwisha fika.

Leicester wengi wetu tuliijua kwa mpira, ilipotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya England mwaka 2016. Ni mji wa ukubwa wa wastani. Treni ya London huchukua saa moja na dakika chache, na kutoka stesheni hadi vyuoni unakwenda kwa miguu. Chuo Kikuu cha Leicester kilianza mwaka 1921, kikiwa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Hapo ndipo Alec Jeffreys alipogundua mwaka 1984 njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba vyake, na wanaakiolojia wa chuo hicho ndio waliofukua mifupa ya Mfalme Richard III chini ya maegesho ya magari mwaka 2012. Chuo cha pili, De Montfort, kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1992. Anayedhani kwamba nje ya London, Oxford na Cambridge hakuna elimu ya maana amekosea, na kosa hilo linaweza kumgharimu pesa nyingi bure. Coventry, Nottingham, Hull na Norwich ni miji ya jamii hiyo hiyo: chuo cha maana, mji unaoweza kuujua wote kwa muhula mmoja, na maisha yenye gharama ndogo kuliko mji mkuu.

Ndogo kwa kiasi gani, serikali yenyewe imeandika. Tangu Novemba 2025 mwombaji wa visa ya masomo nje ya London anatakiwa aonyeshe pauni 1,171 za kujikimu kwa kila mwezi wa masomo, mpaka miezi tisa. Jumla ni pauni 10,539. Wa London anaonyesha 1,529 kwa mwezi, jumla 13,761. Tofauti ni pauni 3,222, na fedha zote hizo lazima ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Kwa familia nyingi za kwetu tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua safari.

Ada ni habari nyingine. Mwanafunzi wa Kiingereza anayesoma shahada ya kwanza analindwa na kikomo: pauni 9,250 kwa mwaka tangu 2017, na 9,535 kuanzia Septemba 2025. Mwanafunzi wa nje hana kikomo. Kwa shahada ya uzamili katika vyuo vya miji hii, ada yake aghalabu huwa kati ya pauni 16,000 na 25,000, kutegemea kozi. Hapo ndipo ulipo mzizi wa "njooni". Kikomo cha Waingereza kilibaki pale pale miaka minane huku mishahara, umeme na bei za kila kitu zikipanda, na pengo lililobaki likazibwa na ada za wageni. Silitaji hili kwa uchungu, maana chuo nacho lazima kiishi. Ila mzazi ajue kwamba mwanawe anatafutwa, na anayetafutwa ana haki ya kuuliza maswali mengi kabla ya kutia saini. Ajue pia kwamba wakala anayemjazia fomu bila malipo analipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayejiandikisha. Wapo mawakala waaminifu, nimewaona, lakini huwezi kutegemea muuzaji akuambie usinunue.

Juu ya ada kuna visa, iliyokuwa pauni 524 kwa viwango vya Aprili 2025. Kuna mchango wa huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa visa ya kozi ya miezi kumi na miwili hupita mwaka mmoja, mwanafunzi wa uzamili huishia kulipa 1,164. Kuna kipimo cha kifua kikuu, ambacho waombaji wa nchi zetu zote za Afrika Mashariki wanatakiwa kukifanya. Kuna uthibitisho wa Kiingereza, hata kwa Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu utotoni, kwa kuwa Kenya haimo katika orodha ya nchi zilizosamehewa. Na kuna adui asiyeandikwa kwenye barua yoyote ya chuo, nayo ni bei ya pauni. Mwanzoni mwa 2022 pauni moja ilikuwa karibu shilingi 150 za Kenya. Januari 2024 ilipita 200. Ada ya pauni 17,000 iliyokuwa shilingi milioni mbili na nusu ikawa milioni tatu na laki nne, na hakuna aliyekosea chochote. Wanaijeria yaliwapata makubwa zaidi: naira ilipoanguka, wako waliofutwa masomo katika chuo kimoja cha kaskazini-mashariki mwa England mwaka 2024 na kutakiwa waondoke nchini, kwa sababu awamu za ada zilichelewa. Anayelipa ada kwa awamu anacheza kamari na benki kuu ya nchi yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Ukoo ukichanga na fedha zikapelea, kuna sentensi moja ambayo husemwa na mjomba au shangazi mwenye nia njema: "Atafanya kazi huko huko, atamalizia mwenyewe." Nimekutana na vijana wengi waliopanda ndege wakiwa wamebeba sentensi hiyo. Imewaumiza kuliko baridi, kuliko ubaguzi, kuliko masomo yenyewe. Sababu ni hesabu, nayo ni fupi.

Mwenye visa ya masomo ya shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 au zaidi ni pauni 12.71 kwa saa kuanzia Aprili 2026. Zidisha: pauni 254.20 kwa wiki. Tuseme hakuugua hata siku moja, hakukosa zamu hata moja, akafanya saa zake 20 wiki zote 52 za mwaka. Atapata wastani wa pauni 1,101 kwa mwezi, kabla ya makato. Sasa rudi juu usome kile serikali inachosema kinahitajika kwa kujikimu tu: pauni 1,171. Yaani mwanafunzi anayefanya kazi kwa ukomo wa sheria, bila kupumzika mwaka mzima, hafikii hata kiwango cha chakula na kitanda kilichopangwa na serikali yenyewe. Ada ataitoa wapi? Deni la kiwanja atalilipa na nini?

Na hizo saa 20 zenyewe hazipatikani kirahisi. Huu ndio upungufu mkubwa wa mji wa wastani, na lazima tuuseme. London ina maelfu ya hoteli na mikahawa. Leicester ina vyuo viwili vyenye wanafunzi wengi wanaogombea kazi zile zile: nyumba za kutunzia wazee, usafi wa maofisi alfajiri, jikoni, na maghala. Ule msemo wetu wa kubeba maboksi huku si mafumbo. Kusini mwa mji, karibu na Lutterworth, liko eneo la maghala liitwalo Magna Park, mojawapo ya makubwa barani Ulaya. Zamu ya usiku inaanza saa nne. Unashikishwa mashine ndogo ya kusoma lebo, inakuambia nenda safu fulani, rafu fulani, chukua vitu vitatu, na inahesabu dakika ulizotumia. Saa kumi na mbili asubuhi unatoka, unasubiri gari la kuchangia nauli, unafika chumbani saa moja na ushee, na saa tatu kuna semina. Nilimaliza wiki sita kwa mwendo huo. Kisha wakala wa ajira aliyeniweka pale akanitumia ujumbe saa tatu usiku kuwa zamu yangu imefutwa, na wiki iliyofuata zikafutwa mbili. Mkataba ulikuwa hauahidi saa yoyote. Kodi ya chumba ilikuwa inaahidi tarehe.

Kuna mitego mitatu ambayo sijaona ikielezwa vizuri kwa Kiswahili, nami naomba anayesoma aipokee kama anavyopokea onyo la ndugu. Wiki ya saa 20 inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na hairuhusiwi kufidia, yaani ukifanya saa 10 wiki hii huwezi kufanya 30 wiki ijayo. Halafu, mwanafunzi wa uzamili hana likizo ya kiangazi. Rafiki yake wa shahada ya kwanza akifunga chuo Juni anaruhusiwa kufanya kazi kutwa, lakini wa uzamili anaandika tasnifu na bado anahesabiwa kuwa muhulani mpaka kozi iishe. Wengi huvunja sheria hapa bila kujua.

Mtego wa tatu ni wa wajasiriamali, na sisi ni taifa la wajasiriamali. Visa ya masomo inakataza kazi ya kujiajiri. Kupeleka vyakula kwa baiskeli kupitia programu za simu ni kujiajiri. Kuazima akaunti ya mwenzako ufanyie kazi hiyo ni kosa juu ya kosa. Na dada niliyeishi naye nyumba moja, fundi wa kusuka ambaye hata vidole vyake vikiwa vimechoka mistari haiyumbi, alikuwa akisuka wenzake chumbani Jumamosi kwa pauni 40 kichwa. Alikaa akisuka saa tano, redio ikiimba, wali wa nazi jikoni, na kwake ulikuwa msaada tu wa wanawake kwa wanawake kama wa kibarazani kwao Tanga. Alipoelezwa na mshauri wa wanafunzi kuwa malipo yale yanaweza kumfutia visa, aliweka kitana mezani akanyamaza muda mrefu. Adhabu ya kuvunja masharti hailingani na pauni 40. Chuo ndicho mdhamini wa visa, na kina wajibu wa kuripoti kwa Wizara ya Mambo ya Ndani mwanafunzi asiyehudhuria au aliyekiuka.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kazi ni hii: ichukue kuwa ni ya mboga na nauli. Usiipangie ada hata senti moja.

Nyumba inafuata, nayo ina maumivu yake. Mitaa ya wanafunzi Leicester ni Clarendon Park, West End na sehemu za Highfields na Evington: safu ndefu za nyumba za matofali mekundu zilizoshikana kuta, nyingi zilijengwa zamani za Malkia Victoria, vyumba vya juu vimegeuzwa vikawa vinne. Chumba katika nyumba ya kuchangia kwa bei za miaka hii hugharimu kati ya pauni 400 na 600 kwa mwezi, hosteli binafsi hupanda zaidi. Dalali atakuuliza mdhamini anayeishi Uingereza na mwenye kipato. Ambaye hana, yaani karibu kila mgeni, kwa miaka mingi amekuwa akiambiwa alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sheria mpya ya wapangaji ya 2025, ambayo sehemu zake kuu zilipangiwa kuanza Mei 1, 2026, inamkataza mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja kabla, ingawa hosteli kubwa za wanafunzi zina utaratibu wao. Amana nayo ina kikomo, kodi ya wiki tano, na ndani ya siku 30 lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa kisheria. Ukipewa risiti ya mkono tu, uliza.

Usilipie chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho. Matapeli wanajua vizuri Septemba ni mwezi gani, na picha za chumba kizuri hazina mwenyewe.

Ndani ya nyumba adui ni unyevu. Ukifunga madirisha kwa sababu ya baridi, ukapika ugali na kuanika nguo juu ya kipasha joto, baada ya mwezi mmoja kona ya ukuta inaota madoa meusi ya kuvu, na kikohozi kinaanza. Nyumba nyingi zina mita za kulipia kabla, kama LUKU yetu, na gesi ndiyo inayokula fedha. Tulikubaliana sisi wanne kupasha joto kwa muda wa saa mbili jioni na saa moja asubuhi, tukavaa masweta ndani. Kodi ya halmashauri mwanafunzi wa kutwa anasamehewa, lakini nyumba ikiwa na mtu mmoja asiye mwanafunzi, tuseme binamu uliyemkaribisha, bili inaweza kuja. Ukarimu wetu unahitaji kusoma barua hizo kwanza.

Darasani sitakaa sana, maana huko ndiko wengi wetu tunakofanya vizuri. Kinachoshtua ni alama. Kwenye uzamili 50 ni kufaulu, 60 ni vizuri, 70 ni daraja la juu kabisa. Kijana aliyezoea 85 anapata 58 kwenye insha ya kwanza, anafunga mlango na kulia, kumbe amefanya kazi ya kawaida yenye heshima. Kinachotakiwa ni kubishana na kitabu, na sisi tumelelewa kukiheshimu kitabu. Kazi zote hupitishwa kwenye programu inayolinganisha maandishi, kwa hiyo kunakili bila kutaja chanzo hugunduliwa siku hiyo hiyo. Na mhadhiri anataka umwite jina lake la kwanza. Ilinichukua mpaka Krismasi kulitamka bila kuinama.

Krismasi yenyewe ni giza. Katikati ya Desemba jua la Leicester huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Aliye na zamu ya usiku anaweza kukaa wiki nzima asilione. Huduma ya afya ya taifa inashauri watu wenye ngozi nyeusi wameze maikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima. Ni vidonge rahisi vinavyouzwa kila duka la dawa, navyo ni vya kununua wiki ya kwanza, pamoja na kujiandikisha kwa daktari wa mtaa. Kumwona daktari ni bure kwa kuwa ulikwisha lipa mchango. Dawa anayokuandikia ni pauni 9.90 kila moja.

Lakini upweke hauna kidonge. Mwingereza wa mji huu ni mpole, dereva wa basi anakuita "me duck" kwa upendo wa kwao, na bado unaweza kumaliza wiki mbili hakuna aliyekuuliza umelalaje. Sisi tumezoea kuulizwa. Wenye ndoa wameumizwa zaidi: tangu Januari 1, 2024 mwanafunzi wa kozi za kufundishwa haruhusiwi kuja na mwenzi wala watoto, isipokuwa wa shahada za utafiti na waliofadhiliwa na serikali. Nilikaa jikoni na baba wa miaka 34 akimsomea mwanawe hadithi kupitia simu kila saa kumi na mbili jioni, ambayo Mwanza ni saa tatu usiku. Alipunguza sauti mwishoni mwa kila ukurasa ili mtoto asisikie kuwa koo limekaba. Serikali ilitaka kupunguza idadi ya wahamiaji, na idadi imepungua. Gharama imehamia kwenye majiko kama lile.

Kinachookoa ni watu, na hapa mji wa wastani unaushinda mji mkuu. Leicester soko la wazi lipo katikati. Bamia, mchicha, ndizi za kupika na unga wa mahindi unavipata ndani ya nusu saa kwa miguu, bila kupanda treni. Misikiti na makanisa ni mengi, na kwenye iftari ya jumuiya hakuna anayeulizwa katoka wapi. Vivyo hivyo huko Norwich na Hull, ambako wakimbizi wa Kongo walipewa makazi kupitia mpango wa serikali, Kiswahili cha Kivu kinasikika kwenye foleni ya basi. Mtu akikukuta mara tatu anakuwa jirani. Kazi yangu ya pili, iliyonifikisha mwisho wa kozi, niliipata kwa mzee wa Kisumu aliyeniona nikinunua dengu kila Alhamisi.

Nisipambe, hata hivyo. Septemba 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walikabiliana mitaani mwa mji huu huu, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan. Agosti 2024 vurugu dhidi ya wahamiaji zilizuka katika miji mingi, na Hull, Sunderland na Middlesbrough, miji ya wanafunzi, ikaonja makali yake. Mwaka 2020 viwanda vya nguo vya Leicester vilifichuliwa vikiwalipa wafanyakazi chini ya kima cha sheria. Mgeni asiyejua haki yake ndiye anayetafutwa na mwajiri wa aina hiyo. Ukiahidiwa malipo ya mkononi bila karatasi, ondoka.

Baada ya mahafali kuna visa ya wahitimu, iliyoanzishwa Julai 2021, inayompa mwenye shahada miaka miwili ya kufanya kazi bila mdhamini. Watakaoomba kuanzia Januari 1, 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wa udaktari wa falsafa ambao wana miaka mitatu. Anayeanza uzamili wa mwaka mmoja Septemba 2026 yuko upande wa miezi 18. Visa hiyo nayo ina ada yake, na mchango wa afya hapo ni pauni 1,035 kwa mwaka. Kubaki zaidi kunataka mwajiri mwenye leseni na, tangu Julai 2025, mshahara wa kawaida usiopungua pauni 41,700, ingawa wahitimu wapya wana kiwango nafuu kidogo. Mlango wa kuajiri watunza wazee kutoka nje ulifungwa mwezi huo huo. Wapo mawakala wanaoendelea kuwaambia wazazi kwamba mtoto ataingilia masomoni na kutokea kwenye kazi ya kutunza wazee. Hiyo ni habari ya zamani, na kuiuza leo ni kuiba.

Je, Leicester inafaa? Kwa aliyelipiwa, naam, kuliko London, na nasema hivyo bila kusita. Kwa mwenye ufadhili wa Chevening au wa Jumuiya ya Madola, mji wa namna hii utamwachia akiba na marafiki. Kwa aliyekuja na nusu ya ada na matumaini ya maghala, nimeona yanavyokuwa, na sitaki kumwona mwingine.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wazazi na wajomba ambao kadi ya mchango iko mezani sasa hivi. Andikeni ada yote, visa, mchango wa afya, nauli, na pauni 10,539 za kujikimu. Ongezeni kitu kwa ajili ya kupanda kwa pauni. Hesabu isipotimia, mwandikieni chuo mkiomba nafasi isogezwe hadi mwaka ujao. Vyuo vingi hukubali, na barua yenyewe haizidi mistari mitano. Mtoto atanuna mwezi mmoja. Mwache anune akiwa nyumbani.